Sifuri Mbili

4 Februari

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na ukishazipokea kaa chini, maana leo nina maneno mengi. Mimi mzima, ukitoa magoti. Paka bado yupo, mkorofi vilevile, amezaa tena ndani ya kabati la mashuka. Jirani wetu wa ukutani anakusalimu, anauliza kama umeshaoa. Nimemwambia akuulize mwenyewe siku akikuona. Na usiseme mbona sikupigi simu. Unazijua simu za huku: mpaka mtu apande juu ya tangi la maji ndipo inashika, na magoti haya hayapandi tangi. Barua namkabidhi dereva wa gari la dawa, yule tunayemwita Polepole. Ikikufikia ndani ya wiki mbili, mshukuru.

Baba yako amelazwa tena. Yuko wodi ya wanaume tangu Januari, kitanda cha sita, kile cha karibu na dirisha. Daktari mkuu anasema mwili wake umeacha kutengeneza damu ya kutosha, basi kila wiki tatu anaongezewa mfuko mmoja, mara nyingine miwili. Akishaongezewa anakaa, anaanza kukosoa viatu vya manesi. "Kisigino hicho kilipigiliwa na mtu aliyekuwa na haraka," anamwambia mtu mzima mbele ya wagonjwa wote. Fundi viatu hata ukimtia sindano mkononi ni fundi viatu. Ila siku mbili zikipita analala tu, na mikono yake imekuwa myeupe kama ya mtu aliyeshinda kwenye unga.

Hajakuulizia. Lakini gari la dawa likiingia uani anageuza kichwa kutazama nani anashuka. Mimi nina kaka mmoja tu duniani, na naona anavyokwisha. Njoo umwone.

Sasa la kazi. Ile programu uliyotuandikia ya dawa na damu imetutoa kwenye madaftari, hilo nakushukuru. Lakini inatupa shida. Kompyuta ni moja na skrini ni mbili, kama ulivyoifunga mwenyewe: moja kwangu stoo, nyingine chumba cha dirishani kwenye friji la damu, anakokaa Mama Dirisha. Unamkumbuka, yule mjane mwenye watoto watatu, miaka kumi na moja hajahama kwenye dirisha lile. Basi mimi nikifungua ukurasa wa damu nihesabu, yeye akitaka kutoa mfuko anasubiri sekunde kumi, kisha skrini inamwambia, "Kuna mwenzako ndani, jaribu tena." Jana amepiga meza. Na mimi nikikaa dakika mbili sijamaliza, inanitupa nje, hesabu yote imepotea, naanza upya na mfuko wa kwanza. Nani alikuambia mtu wa miaka hamsini na tisa anahesabu kwa dakika mbili?

Tufanyie kitu. Na uje.

Shangazi yako.


27 Februari

Shangazi yangu, shikamoo.

Barua imefika salama. Polepole alikuwa ameitia ndani ya soksi, anasema huko ndiko hakuna mtu anayetia mkono, nami namwamini. Mimi sijambo. Chumba ni kilekile, ghorofa ya tatu, na fundi wa milango wa chini bado anaanza kupiga randa kabla sijaamka. Mwambie jirani sijaoa, na nikioa atajua kwa harufu ya pilau.

Nimefurahi kusikia Baba anakosoa viatu. Nitakuja, Shangazi. Mwezi huu siwezi, kuna kazi ya watu sijaikabidhi, lakini nitakuja. Msalimie sana.

Hilo la skrini ngoja nikueleze taratibu, maana nikikosea kueleza utakosea kufanya. Kumbukumbu zenu zote zinakaa mahali panapoitwa hifadhidata. Usicheke, ndilo jina lake. Za ofisi kubwa zinakuwa na mashine yake ya pembeni, na msimamizi. Ya kwenu imo ndani ya programu yenyewe, humo humo, kwa sababu mtandao wenu uko juu ya tangi. Hakuna msimamizi. Kila ukurasa una kufuli, na anayeufungua ili aandike ndiye mwenye kufuli mpaka atoke.

Fikiria choo cha uani pale nyumbani. Kuna aliye ndani, kuna aliye nje kajikunja. Nimeweka vikomo viwili. Cha kwanza kinaitwa kufuli, nacho ni cha aliye nje: asimame muda gani kabla hajaambiwa aende zake. Cha pili kinaitwa muamala, nacho ni cha aliye ndani: akae muda gani kabla hajatolewa. Bila hivyo, wa ndani akisinzia, wa nje atasimama mpaka kesho na mashine haitasema neno.

Na umwambie Mama Dirisha kwamba kukataliwa si matusi. Daktari mkuu mwenyewe alitia sahihi utaratibu ule: hakuna mfuko wa damu unaotoka bila skrini kutoa namba, tangu ile siku mgonjwa alipopewa damu ya mwenzake, lakini skrini ikikataa mara tatu, anafungua friji kwa mkono, anaandika kwenye daftari la dharura, watu wawili wanatia sahihi. Kule kukataliwa ndiko kunakompa ruhusa.

Dakika mbili ni chache, hapo nimekubali kosa. Fungua faili linaloitwa mipangilio, tafuta mstari wa muamala. Namba zake zinahesabu vipande vidogo sana vya sekunde. Sekunde moja inaandikwa moja na sifuri sita. Wewe andika sita na sifuri nane. Hizo ni dakika kumi. Mstari wa kufuli uache kama ulivyo. Na ukitaka kugusa zaidi ya hapo niandikie kwanza, usibahatishe.

Mwanao.


20 Machi

Mwanangu,

Salamu zako nimezifikisha zote, hata za pilau. Jirani hakucheka. Paka wadogo wameshaacha kunyonya, mmoja nimempa Mama Dirisha kwa ajili ya panya wa kwake. Mvua imeingia stoo kona ya juu, tumehamisha makatoni ya drip na mgongo wangu umelipa.

Nilifanya ulivyosema. Sifuri nane. Nilizihesabu mara tatu, Mama Dirisha akazihesabu nyuma yangu akakuta tisa, tukafuta moja. Mtu mwenye akili zake anawezaje kuandika dakika kumi kwa sifuri nane, hilo utanieleza tukionana.

Lakini ugonjwa umehamia kwa mwenzangu. Sasa mimi nakaa ndani dakika kumi nahesabu kwa raha, naye nje anakataliwa dakika kumi zote. Kila mara anakimbilia daftari la dharura. Juzi daktari mkuu amelifungua, akatuuliza kama siku hizi dharura ndiyo kazi yetu ya kila siku. Aibu imetushika wote wawili.

Nimekaa nikafikiri. Ule mstari wa kufuli unasema aliye nje asubiri muda gani. Nikiandika sifuri, si maana yake asisubiri kabisa, mlango umfungukie papo hapo? Na ule wa muamala nao niuandike sifuri, nisitolewe tena nje hata nikiitwa wodini katikati ya hesabu. Sifuri mbili, yamekwisha. Ni sawa au si sawa? Umesema nisibahatishe, basi sitagusa mpaka unijibu.

Sasa baba yako. Damu ya mwisho imemshika siku nne tu. Chakula hali sana. Jumapili aliniita karibu akaniambia, "Muulize mguu wake umefika saizi gani." Nikamwambia mguu wa mtu mzima haukui. Akasema mguu wa mtu anayesimama sana hupanuka, na kwamba ngozi ameshaichagua, ile nyeusi aliyoifunga kwenye gazeti juu ya rafu ya kibandani kwake. Ana nguvu ya kushika kikombe, siyo nyundo, lakini sikumbishia.

Nitasema jambo ambalo hatulisemi. Kama kinachokuzuia ni kwamba hukuja kumzika mama yako, jua kwamba baba yako hajawahi kulitaja, hata kwangu. Hata mara moja. Njoo, mwanangu. Na kama huji, andika basi saizi ya mguu. Usipojibu lolote lingine nijibu hayo mawili.

Shangazi yako.


11 Aprili

Shangazi yangu, shikamoo.

Natumai wote hamjambo huko. Mimi mzima, ila kazi zimenizidi kimo, naandika hii nimesimama na Polepole ananisubiri chini anapiga honi.

Barua yako nimeipata. Yote uliyosema ni sawa, fanya hivyo hivyo. Nitaandika kirefu nikitulia.

Msalimie Baba. Mwambie nakuja karibuni.

Mwanao.


9 Mei

Mwanangu,

Nakusalimu.

Baba yako amefariki tarehe mbili ya mwezi huu, siku ya Jumatano, saa tano kasoro dakika kumi asubuhi. Amezikwa kesho yake, ubavuni mwa mama yako. Watu walikuwa wengi. Wengine sikuwajua, walikuja kwa sababu ya viatu.

Ningeweza kumtuma mtu apande tangini akupigie. Sikumtuma. Usiniulize kwa nini.

Nguo zake nimezigawa. Kibanda nimekifunga, ufunguo ninao. Mimi nala, nalala, naenda kazini. Usijisumbue kuja sasa, mambo yamekwisha na safari ni ndefu.

Jambo dogo la ofisi. Mashine imekuwa nzito. Nimetoa nakala ya kila kitu kwenye flashi hii niliyomkabidhi Polepole pamoja na barua. Vile vikomo virudishe vilivyokuwa mwanzo. Na lile daftari la matukio, lile linaloandika kila kinachobonyezwa, limejaa mno. Lifute lote lianze upya. Usipoteze muda kulisoma. Ukimaliza, nirudishie flashi niiweke kwenye mashine.

Mama Dirisha amesimamishwa kazi, kwa hiyo dirishani yuko mtu mwingine ambaye hajazoea. Ni mambo ya ofisi.

Mungu amrehemu ndugu yangu.

Shangazi yako.


29 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani kwangu za kukupa. Nimelia, nimeacha, nimelia tena. Fundi wa milango alipanda kuuliza kama naumwa, nikamwambia ndiyo.

Daftari la matukio sikulifuta. Nililisoma. Uliniambia nisilisome, na wewe hujawahi kunizuia kusoma kitu tangu nilipokuwa nasoma magazeti ya kufungia nyama.

Nakuandikia kama lilivyo. Tarehe ishirini na tano Aprili, saa tatu asubuhi, mistari miwili ya mipangilio imebadilishwa. Kufuli, sifuri. Muamala, sifuri. Tarehe mbili Mei, saa nne kasoro dakika mbili, skrini ya stoo imefungua ukurasa wa damu na kuchukua kufuli. Saa nne na dakika kumi na mbili, skrini ya dirishani imeomba mifuko miwili. Baada ya hapo hakuna kitu. Hakuna kukubaliwa, hakuna kukataliwa. Saa nne na dakika thelathini na nane kompyuta imezimwa ghafla, kama mtu aliyechomoa waya. Dakika ishirini na sita, Shangazi. Na dakika kumi na mbili baadaye ndiyo saa ya kifo uliyoniandikia.

Nilikasirika. Nilisema, si nilimwambia asibahatishe, si nilimwambia aniandikie kwanza. Nikaanza barua ya ukali, nikafika nusu. Kisha nikaenda kwenye droo kutafuta barua zako ili nikuonyeshe mahali nilipokukataza.

Ya Machi ilikuwa bado imefungwa.

Sikuifungua, Shangazi. Ilipofika niliishika nikajua ndani yake kuna Baba. Nikasema nitaifungua jioni, nikasema nitaifungua Jumapili. Polepole alipokuja kuchukua majibu nikaona haya kukuambia sijasoma, nikaandika kwamba yote ni sawa. Nilidhani umeniandikia kwamba nije, na kwamba amedhoofu, na mtu akiandikiwa hayo anaweza kujibu sawa. Sikujua kwamba uliniuliza swali.

Jibu lake lilikuwa si sawa. Sifuri ya kwanza ulitaka iseme asingoje. Ya pili ulitaka iseme nisitolewe. Wewe ulikuwa na sifuri mbili zenye maana mbili, na mtu yeyote angefikiri hivyo. Mashine inajua moja tu: sifuri ni hakuna kikomo. Wa ndani akae milele, wa nje asimame milele. Ningeandika maneno mawili tu usingegusa. Hata kwenye ile barua ya Februari ningeweza kuongeza mstari mmoja, sikuongeza, niliona ni jambo ambalo kila mtu analijua. Kumbe huyo kila mtu ni mimi peke yangu.

Navaa saizi arobaini na tatu. Sijui sasa namwandikia nani.

Baba hakuwahi kunisema kwa lile la Mama. Angenitukana ningekuja siku hiyo hiyo. Yeye alinyamaza, nami nikawa kila mwaka naona ni vigumu zaidi kupita mlangoni kwake.

Nina maswali mawili, na safari hii barua yako nitaifungua mbele ya Polepole. Siku ile saa nne kasoro nani alikuwa stoo? Na Mama Dirisha amesimamishwa kwa kosa gani?

Mwanao.


20 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisomea stoo, mlango nimeufunga, nikapangusa uso ndipo nikatoka.

Unauliza nani alikuwa stoo. Stoo ina ufunguo mmoja na unajua unakaa mfuko wa nani.

Nilikuwa nahesabu. Nesi akaja mbio, "Njoo, kaka yako anatapika damu." Zamani ningetoka kwenye ukurasa kwanza, kwa sababu nisipotoka inanitupa. Siku hizi hainitupi. Niliacha hesabu palepale kwenye mfuko wa tisa, nikafunga mlango, nikaenda kukaa kitandani kwake, pazia limevutwa. Nikamshika mkono. Daktari mkuu akaagiza mifuko miwili haraka, nesi mwingine akakimbia dirishani, akaacha karatasi ya agizo, akaitwa kwingine.

Mama Dirisha akabonyeza. Skrini ikaandika "Subiri." Miaka yote mitatu ya programu yako skrini ile ilikuwa inasubiri sekunde kumi halafu inasema ndiyo au inasema hapana, na siku hiyo haikusema ndiyo wala hapana. Angefungua friji bila kukataliwa angefukuzwa, analijua hilo kuliko mimi. Akasubiri. Akaja stoo akagonga, kumefungwa. Akarudi kuangalia kama imejibu. Akaja tena. Nilimsikia akigonga, mwanangu. Wodi na stoo ni hatua thelathini. Nikadhani ni mtu wa makatoni.

Sasa nakuambia lile ambalo sijamwambia mtu. Baba yako alikuwa anapoa mkononi mwangu, nami nikasema kwa sauti, "Mbona damu haiji, huyo mwanamke wa dirishani amelala?" Daktari mkuu alikuwa upande wa pili wa kitanda. Akaondoka, akamkuta Mama Dirisha amekaa anaitazama skrini, mikono mapajani. Akamkemea, akachomoa waya, akafungua friji mwenyewe. Damu ilifika. Tulimtundikia mfuko wa kwanza. Haukuisha.

Daktari anasema huenda angekufa tu, ameshuka mno. Huenda. Hajui yeye, hujui wewe, na mimi sitajua.

Jioni waliiwasha mashine. Nikafungua skrini ya stoo, ikaniuliza, "Kuna hesabu uliyoiacha. Unataka kuendelea?" Nilisimama pale. Hapo ndipo nilipoelewa ni nani aliyekuwa ndani. Nikabonyeza hapana. Kesho yake, tumetoka makaburini, nikasikia Mama Dirisha amesimamishwa kwa kulala kazini wakati mgonjwa anakufa. Maneno yangu mwenyewe, yameandikwa kwenye barua yenye muhuri. Sikufungua mdomo.

Ndiyo maana sikumtuma mtu tangini. Ungeniuliza amekufaje.

Na wewe nimekukasirikia, nisikufiche. Ile barua yako fupi niliiweka chini ya kioo cha meza. Kila nikiingiwa na hofu naisoma: mwanangu amesema yote ni sawa, basi yote ni sawa, kosa liko kwingine. Nimejificha nyuma ya maneno yako mwezi mzima na kumbe hayakuwa na kitu ndani. Nilikulea tangu una miaka saba, mama yako akiwa safarini na baba yako kibandani. Nilikufundisha kusoma. Sikukufundisha kuacha barua ya mtu ikilia drooni.

Usiniambie niseme nini kwa daktari mkuu, najua. Nimefika mlangoni kwake mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa na mgeni, nikashukuru. Mara ya pili hakuwa na mgeni. Desemba nastaafu, miaka thelathini na mitatu, na nilitaka kutoka na jina langu. Juzi nimepita kwa Mama Dirisha. Amenikaribisha ndani, akanipa pole ya kaka yangu, akaniomba msamaha. Yeye ananiomba mimi. Yule mtoto wa paka alikuwa amelala juu ya sare yake ya kazi, imekunjwa kwenye kiti.

Nimechoka.

Shangazi yako.


8 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua hii nimeibeba mwenyewe. Nimeiandika kwenye gari la dawa, kati ya makatoni, ndiyo maana mwandiko unarukaruka. Polepole ametaka kuitia kwenye soksi, nimemkatalia.

Yako niliifungua mbele yake kama nilivyoahidi. Alisimama mlangoni kwangu, nami nimekaa kitandani, akasubiri mpaka mwisho. Aliposhuka ngazi akaniambia Jumapili ana nafasi moja garini.

Nimechelewa kwa Mama na nimechelewa kwa Baba. Kwako sijui kama nimechelewa. Nitakukabidhi karatasi hii mlangoni, halafu nitakaa nje kwenye ngazi mpaka umalize, kwa sababu nikianza kusema kwa mdomo nitajitetea.

Vikomo nimevirudisha, na nimeandika upya. Aliye nje atasubiri sekunde kumi, basi. Aliye ndani akikaa dakika tano bila kugusa kitu anatolewa, lakini hesabu yake inatunzwa. Na mtu akiandika sifuri, programu inakataa, inamuuliza kwa Kiswahili anakusudia nini. Kazi yake ilinichukua nusu saa. Ningeweza kuifanya wakati wowote miaka mitatu hii.

Daftari la matukio nimelichapa, kurasa mbili. Kesho saa mbili asubuhi nitaingia kwa daktari mkuu. Nitamwonyesha kwamba dirisha liliomba na halikujibiwa, kwamba Mama Dirisha hakulala, kwamba mashine ilimnyamazia kwa sababu ya kosa langu. Nitamwambia na habari ya bahasha yako ambayo sikuifungua. Yangu nitayasema yote.

Kuna mstari mmoja wa stoo kwenye ukurasa wa kwanza. Sikuufuta, siwezi. Lakini sitauwekea kidole, na akiniuliza ni wa nani nitamwambia sikuwepo. Huo ni ukweli. Miezi mitano iliyobaki mpaka ustaafu ni yako, Shangazi, wala sitakupenda pungufu.

Niko nje.

Mwanao.


(Nyuma ya karatasi hiyohiyo, kwa kalamu ya risasi)

Nimesoma. Ingia ndani, mbona umekaa kwenye ngazi kama mgeni. Kesho tunakwenda wote, tunampitia Mama Dirisha kwanza ili naye awepo. Wewe soma mistari yako. Huo wa stoo nitausoma mimi.